Winchester Model 12 au Ithaca 37: nilivyochagua bunduki ya zamani ya kuwindia ndege

Watu wakisikia kuna Mtanzania yuko Minnesota na kila vuli anaingia kwenye nyasi kuwinda ndege, maswali huwa ni yale yale: vibali umepataje, nyama mnaila kweli, na la tatu ambalo ndo limenifanya niandike leo, kwa nini bunduki ya miaka ya hamsini wakati mpya zimejaa madukani. Vibali nitagusia kidogo huko chini. Nyama tunaila, na fezanti akipikwa kwa nazi na ndimu ni chakula cha kuita wageni. Ila hilo la bunduki ya zamani nataka nilijibu vizuri kwa sababu nililala nalo wiki kadhaa, zilikuwa mbili mezani kwa fundi wa bunduki, zote za pampu (unavuta na kusukuma kishikio cha mbele ili kuingiza risasi nyingine), zote zina umri wa kuwa baba yangu, na hela niliyokuwa nayo ilikuwa ya moja.

Tuanze na ndege mwenyewe maana ukimkosea ndege utaikosea na bunduki. Fezanti ni jamii moja na kware na kanga wetu, jogoo wake anafika kilo moja na robo hivi, shingoni ana pete nyeupe, mwili una rangi ya shaba inayowaka jua likimpiga, na mkia mrefu kuliko mwili. Sio wa asili ya huku, ni wa Asia, aliletwa Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1880 na Owen Denny aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani kule Shanghai, akazaliana, akasambazwa majimbo mengine, na leo South Dakota ndo ndege wao wa jimbo. Sisi huku kusini magharibi mwa Minnesota tunampata kwenye mbuga za nyasi ndefu, kwenye matete ya mabwawa, na pembezoni mwa mashamba ya mahindi yaliyovunwa.

Kitu cha kujua kuhusu huyu ndege ni kwamba kuruka hapendi, anapenda kukimbia. Utamfuata kwenye nyasi zinazokufika kifuani, mbwa anahangaika na harufu yake, unatembea, unatembea tena, upepo wa Novemba unakukata masikio, halafu ghafla anakurupuka karibu na miguu yako au hatua thelathini mbele na makelele yake yale, na hapo una sekunde mbili tatu za kuhakikisha ni jogoo na sio jike (jike hapigwi, ni kosa kisheria), uipandishe begani, ufungue sefti (kile kifungio cha usalama), ufyatue. Minnesota unaruhusiwa majogoo 2 kwa siku, kuanzia Desemba 1 wanakuwa 3. Kwa hiyo siku iliyokwenda vizuri kabisa umefyatua mara chache mno. Masaa yote yaliyobaki bunduki umeibeba tu mkononi, na hili naomba ulishike kwa sababu ndo limeamua kila kitu.

Sasa bunduki ya kwanza. Winchester Model 12, geji 12 (upana wa tundu la mtutu, hesabu yake nitaieleza chini), mtutu wa inchi 30, choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, ya kubana kabisa, ile wanayoiita fuli. Kwa anayefuatilia bunduki jina hili halihitaji utangulizi. Ilichorwa na T.C. Johnson, ikaanza kuuzwa 1912 kwa geji 20 peke yake, za 12 na 16 zikafuata baadaye kidogo, zikatengenezwa pale New Haven, Connecticut mpaka mwanzoni mwa miaka ya sitini, karibu milioni 2 zikatoka. Bodi yake, yaani kile kisanduku cha chuma chenye mitambo, imechongwa kutoka kwenye kipande kimoja cha chuma cha kufuliwa, sehemu za ndani zimechongwa kwa mashine halafu zikakalishwa moja moja kwa mkono wa fundi, na ndo kilichoiua, maana washindani wao Remington walipotoa bunduki yao ya 870 mwaka 1950 yenye vipande vingi vya kupigwa kwa presi, bei ya Winchester ikawa haishikiki tena, na 1964 wakaja na Model 1200 ya bei rahisi. Ukiishika Model 12 unaelewa hela ilikwenda wapi. Ile niliyoonyeshwa ukiielekeza juu na kubonyeza kitufe cha kuachia, pampu inateremka yenyewe kwa uzito wake mpaka chini, taratibu, bila kukwaruza popote, utadhani kuna mafuta ya moto mule ndani. Miaka sabini ya matumizi haijailegeza, imeilainisha. Nilirudia lile jambo mara nyingi pale kwa fundi mpaka akaanza kutabasamu.

Ya pili ni Ithaca Model 37, geji 16, mtutu inchi 28, choki ya kati. Hii historia yake naipenda zaidi. John Browning, mbunifu maarufu wa silaha, ndo alibuni, hakimiliki akaipata 1915, Remington wakaichukua, mbunifu mwingine, John Pedersen, akairekebisha, ikatoka kama Remington Model 17 ya geji 20 na haikukaa sana sokoni, ikasimamishwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Ithaca, kampuni ya mji wa Ithaca kule New York, walikuwa wanaitamani lakini hakimiliki za Pedersen zilikuwa hazijaisha muda, wakasubiri mpaka 1937, ndo maana inaitwa 37. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 2 na mpaka leo kuna kiwanda Ohio bado kinazitoa. Kitu chake kikubwa: haina tundu ubavuni. Risasi unaziingizia chini, na ganda lililotumika linatokea chini hapo hapo, linadondokea miguuni kwako. Pande zote mbili za bodi zimefungwa, kwa hiyo mbegu za nyasi, vumbi la mahindi, theluji, ubavuni hakuna pa kuingilia. Ubavuni wamechonga picha za mbwa na ndege, na hii niliyoiona michongo ilikuwa imeanza kufutika pale mahali ambapo mtu anaishika akiwa anatembea, yaani mwenye nayo wa kwanza aliitembeza kweli kweli, hakuiweka kabatini.

Bei fundi aliniambia dola 550 ile Winchester, dola 425 hii Ithaca. Tofauti ipo lakini sio ya kukufanya uamue.

Kwa ambao geji inawachanganya, hesabu yake ni ya zamani sana: chukua paundi moja ya risasi, ile madini yenyewe, igawanye kwenye madonge ya mviringo yanayolingana, madonge 12 yakitoka basi tundu la mtutu linaloenea donge moja ni geji 12, yakitoka 16 ni geji 16. Kwa hiyo namba ikipanda tundu linapungua. Na paundi ina aunsi 16, maana yake donge la geji 16 ni aunsi moja kamili, na aunsi moja ya marisau (vile vidonge vidogo vilivyomo ndani ya risasi) kwa huyu ndege inatosha bila wasiwasi.

Sasa niseme kilichonisumbua. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Kula wamenifundisha kwa kulia kama watoto wote wa kwetu, lakini kuandika, kupiga mpira, kurusha jiwe, vyote kushoto, na bunduki naipandisha bega la kushoto kwa sababu na jicho linalolenga ni la kushoto. Ukiwa hivyo uso wako unakaa upande wa kulia wa kitako. Na Model 12, kama bunduki nyingi za pampu, inatema ganda upande wa kulia. Ina maana kila ukivuta pampu ganda la moto linapita mbele ya macho yako, na chembe za baruti ambazo hazikuungua nazo zinakuja. Halikupigi usoni, wako watu wa kushoto wanaotumia hizi bunduki maisha yao yote na hawajawahi kulalamika, ila ndege wa pili akikurupuka wakati ndo unavuta pampu, jicho linafuata kile kinachopita karibu. Nilijaribu zote mbili kwenye uwanja wa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na hapo sikuhitaji mtu wa kunieleza. Na Ithaca macho yangu yalibaki kwenye kisahani tu. Na Winchester kila mara kulikuwa na kitu kinanipita ubavuni mwa jicho.

Sefti nayo iangalie. Zote mbili ni kitufe cha kusukuma, Model 12 kiko mbele ya triga, Ithaca kiko nyuma ya triga, na zote kiwandani zimepangwa kwa mtu wa kulia. Tofauti ni kwamba Ithaca kuna sefti ya mkono wa kushoto ambayo fundi anabadilisha na kuiweka, kazi ndogo tu. Niliuliza kabla sijaamua na akasema anayo.

Uzito nao. Ile Winchester ilikuwa kama kilo 3.4, Ithaca chini kidogo ya kilo 2.8. Ukisoma hivi unaona ni nusu kilo na ushee, ni nini hicho. Nenda nayo kwenye nyasi kuanzia saa tatu asubuhi, ambayo ndo saa ya kuanza kisheria huku, mpaka jua linazama, bunduki umeishika kwa mikono miwili kifuani muda wote kwa sababu hujui ndege atatoka saa ngapi. Saa tisa mchana mikono inashuka, na mikono ikishuka bunduki inachelewa kufika begani, na fezanti hakusubiri. Upande wa pili wa shilingi upo pia na lazima niuseme: bunduki nzito inatulia, ikishaanza kuzunguka na ndege inaendelea yenyewe, na teke lake begani ni dogo. Ile nyepesi ukisita kidogo nayo inasita, na inapiga teke la maana ukiweka risasi kali. Kwa mtu anayekaa sehemu moja akisubiri bata waje, Model 12 ningemshauri bila kufikiri mara mbili.

Choki ndo sehemu ambayo watu wengi wanairuka na haifai kurukwa. Kinachopimwa ni hivi: ukipiga karatasi kutoka yadi 40 ukachora duara la inchi 30, choki ya fuli inaweka karibu asilimia 70 ya marisau ndani ya duara, ya kati karibu asilimia 60, ya wazi zaidi kama 50. Bunduki nyingi za zamani zina fuli kwa sababu risasi za enzi zile zilikuwa na vizibo vya karatasi na sufi, marisau yanasuguana na mtutu yanapoteza umbo, yanatawanyika ovyo, kwa hiyo walibana mtutu kufidia. Kuanzia miaka ya sitini vikaja vikombe vya plastiki ndani ya risasi, marisau yanatoka mazima, na ile fuli ya 1950 leo inabana kuliko hata mwenyewe aliyeitengeneza alivyokusudia. Fezanti akikurupuka yadi 20 mbele ya mbwa ukampiga na hiyo, ama unamkosa kabisa kwa sababu duara lako ni dogo, ama unampata na hakuna nyama ya kupeleka nyumbani. Nimeona kifua cha ndege kilichopigwa hivyo, hakifai hata supu. Choki ya kati ya ile Ithaca ilikuwa karibu sawa na ninachokihitaji.

Halafu kuna hili la chuma. Toka 1991 nchi nzima ya Marekani huruhusiwi kuwinda bata na bata bukini kwa marisau ya madini ya risasi, maana ndege wanayaokota chini ya maji wanakufa kwa sumu. Fezanti sio ndege wa maji lakini maeneo mengi ya wazi ninayowinda ni ya serikali kuu, yametengwa kwa ajili ya kuzalishia ndege wa majini, na humo lazima utumie marisau yasiyo na sumu hata kama unawinda fezanti. Ya bei nafuu ni ya chuma, na chuma ni kigumu, hakibonyei kinapopita kwenye choki. Mtutu mkongwe wa fuli ukiulisha chuma unaweza kuvimba pale kwenye choki, pete kabisa inatokea kwa nje, na mtutu wa namna hiyo hautengenezeki ukarudi kama zamani. Dawa yake ni marisau ya bismuti, ni laini karibu kama madini ya risasi, yanapita salama kwenye bunduki za umri huu, ila bei yake ni mara kadhaa ya ya chuma. Hili linazihusu zote mbili, hata kwenye choki ya kati mimi chuma siweki. Lakini kwa kuwa nafyatua mara chache kwa siku, boksi moja la bismuti linakwenda mbali.

Kuhusu ukaguzi, kama na wewe unaenda kununua ya zamani, fanya hivi nilivyofanya mimi na fundi akiwa pembeni. Kwanza hakikisha iko tupu, angalia kwa macho kisha ingiza kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Vua mtutu. Zote mbili mtutu unatoka kwa kuzungusha robo duara, hazihitaji chombo. Elekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha uangalie ndani, duara za mwanga zinatakiwa zifuatane zimenyooka mpaka mwisho, ukiona pete ya kivuli mahali ujue pamevimba, na ukipitisha vidole kwa nje taratibu utapasikia. Kwenye Winchester rudishia mtutu, shika mbele na nyuma utikise. Ile niliyoikagua ilicheza kidogo sana, kama unene wa karatasi. Winchester waliliona hilo toka zamani, kuna pete ya kurekebisha pale kwenye maungio unaisogeza jino moja inabana tena, kwa hiyo sio ugonjwa, ni uzee wa kawaida wenye dawa yake. Angalia pia namba ya chini ya bodi na ya kwenye upande wa mtutu zifanane. Kwenye Ithaca cha kuangalia ni namba ya bodi: zilizo chini ya 855,000 kila mtutu ulikalishwa kiwandani kwenye bodi yake, huwezi kununua mtutu mwingine mtandaoni ukaupachika tu. Hii ilikuwa chini ya hapo, kwa hiyo mtutu niliouona ndo mtutu nitakaokuwa nao. Angalia kitako pale kinapoungana na bodi, nyufa ndogo zinaanzia hapo, mti wa walnati ukinyonya mafuta miaka mingi unalegea. Na pima chemba, hili usilidharau, hasa Model 12 za geji 16 za miaka ya mwanzo ambazo chemba yake ni inchi 2 na 9/16, risasi ya leo ya inchi 2 na 3/4 inaingia vizuri kabisa kwa macho lakini ikifyatuka haina nafasi ya kufunguka, presha inapanda. Ithaca ilikuwa 2 na 3/4, tulipima.

Jambo la usalama ambalo lazima niliseme kwa herufi za kawaida bila kulizunguka: bunduki zote mbili za enzi hizo hazina kile kifaa kinachotenganisha triga. Ukiwa umeng'ang'ania triga halafu ukavuta na kusukuma pampu, risasi inatoka hapo hapo pampu inapofunga, hata kama hukukusudia. Ithaca waliliondoa tatizo hili 1975, Winchester walimaliza nayo hivyo hivyo. Ukiwa nyikani na wenzako na mbwa mbele yako hili sio jambo la kusimulia, ni la kulizoeza mkono nyumbani na risasi bandia mpaka kidole kitoke chenyewe kila unapovuta pampu. Mimi nilifanya hivyo sebuleni kila jioni kabla ya msimu, watoto wakiwa wamelala na risasi za kweli zikiwa zimefungiwa chumba kingine.

Vibali kwa ufupi maana niliahidi. Mwenye green card anaruhusiwa kununua, dukani unajaza fomu 4473 ya serikali kuu, wanakukagua, ukipita unaondoka nayo. Leseni ya kuwinda Minnesota kama umezaliwa baada ya 1979 unatakiwa kwanza uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha, na nakwambia kozi ile usiichukulie kama kikwazo, wale wazee wa kujitolea wanaofundisha wanajua mambo. Unatembea umevaa rangi ya chungwa au ya waridi inayoonekana, hilo ni sheria. Kwetu Singida ndege tulimjua kwa manati na mtego wa kamba, bunduki ilikuwa kitu cha bwana nyama, kwa hiyo mimi vyote hivi nimejifunzia ukubwani na huku huku ugenini.

Basi nikachukua Ithaca. Sio kwamba ndo bora, na wapenzi wa Model 12 wakisoma hapa wajue sijasema hivyo, kwa uchongaji wa chuma Winchester iko juu na mtu yeyote mwenye vidole atakuambia. Lakini ile ya kwanza nilikuwa naitaka kwa sababu ya jinsi inavyoteleza nikiwa nimesimama kwa fundi, na ya pili nilikuwa naihitaji kuanzia hatua ya kwanza kwenye nyasi. Ni nyepesi, ganda halipiti usoni, choki inafaa, geji inafaa. Kasoro yake moja ya kweli ni risasi. Maduka ya miji midogo utakuta 12 na 20 zimejaa, 16 ama boksi mbili tatu zenye vumbi ama hakuna, kwa hiyo naagiza mtandaoni mwezi wa nane kabla watu hawajaamka, marisau ya saizi namba 5 ya bismuti kwa ardhi za serikali na namba 6 ya kawaida, ya madini ya risasi, kwa mashamba ya watu wanaoniruhusu.

Ile Winchester haikukaa sana pale. Kuna kaka mmoja wa Nakuru tunawinda naye, yeye ni wa mkono wa kulia, anapenda visahani vya udongo kuliko ndege, nikampeleka kwa fundi nikamwambia bonyeza kile kitufe uone pampu inavyoteremka. Mtutu wa inchi 30 na fuli kwa visahani vinavyokimbia mbali ndo kazi yake hasa, pete ya maungio wamesogeza jino moja, haichezi tena, na kila Jumamosi ya kiangazi yuko nayo uwanjani.